Popo Katika Dari ya Kaka

Tarehe 6 Januari
Mwaka na miezi saba na nusu tangu nitoke nyumbani

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mguu wa mama umepata nafuu. Mimi mzima, kwa kadiri ya uzima wa mtu anayebeba matofali kutwa. Bado nipo kwenye kiwanda kilekile cha matofali ya saruji. Asubuhi tunachanganya, mchana tunafyatua, jioni tunapanga yaliyokauka. Viganja vimekuwa kama gamba la kobe, nikimpa mtu mkono anaangalia kwanza nimeshika nini. Chumbani tunalala watu sita, vitanda vya juu na chini. Wa chini yangu ni yule bwana niliyekuambia habari zake, Mnene, ambaye akijigeuza kitanda chote kinaitikia. Chakula kipo, usingizi upo. Tushukuru kwa hayo.

Sasa la maana. Mke wangu ameniandikia kwamba kuna kitu darini. Jioni kinakwaruza, mchana kinanuka, na kwenye ukuta wa chumba cha kulala limetokea doa la rangi ya chai linalokua. Bibie amekataa kulala humo. Binti yangu huyo nilimwacha anatambaa, leo ana uwezo wa kukataa chumba.

Kwa hiyo nakuomba. Najua kazi yako ya kutoa nyuki, nyoka na vicheche kwenye nyumba za watu nimekuwa nikiicheka, hata nikakuita Bwana Wadudu na jina likakuganda. Lakini maji yamezidi unga. Nenda siku moja, panda, tazama ni kitu gani, kitoe, ushuke. Shemeji yako atakupa chai. Nyumba ile nimeijenga kwa mikono yangu mwenyewe, na sitaki kusikia kwamba imepata wapangaji nisiowajua.

Wako,
Kaka yako


Tarehe 30 Januari

Kaka, shikamoo.

Barua yako ilichelewa. Yule dereva wa lori aliyepewa ailete aliisahau chini ya kiti, akazunguka nayo safari nzima, ikaja inanuka dizeli. Mama hajambo. Mguu ndio uleule, mtu akitaka kujua kama mvua itanyesha anamuuliza yeye. Kila akipakua anatoa chakula chako kando kwa mazoea, halafu anakumbuka, halafu ananisogezea mimi. Kwa hiyo nashukuru, umeninenepesha.

Nimepanda darini. Si panya. Ni popo, wale wadogo wanaokula mbu, na ni wengi. Wameng'ang'ania boriti moja baada ya nyingine kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Tundu wanalopitia liko upande wa jikoni, pale boriti ya mwisho inapokutana na ukuta. Pamebaki wazi kiasi cha vidole viwili. Inaonekana fundi alichoka hapo, simjui ni nani.

Ila popo hawatolewi kama panya. Kwanza lazima uijue milango yao yote, na njia ni moja tu: jua likizama unakaa uani kimya na kuangalia wanatokea wapi. Mtu mmoja hawezi kulinda pande mbili, kwa hiyo mimi nilikaa upande wa jikoni, shemeji akakaa mbele. Jioni ya kwanza hakuamini. Walipoanza kumiminika alitoka kwenye zamu yake akaja kusimama nyuma yangu, kaziba mdomo kwa khanga. Mbele hakuna tundu, tumehakikisha, basi sasa tunakaa wote upande wa jikoni, kwenye lile benchi. Anabishana nami kwamba mimi nasinzia na yeye ndiye anayefanya kazi. Sikujua kama shemeji anachekesha vile.

Tatizo ni kwamba wana watoto. Mama zao wakitoka kula, wao wanaachwa darini, hawajaweza kuruka. Ukiziba sasa unamtenga mtoto na mama yake, au unawafungia wote ndani, na hapo utaijua harufu ni kitu gani. Tungoje watoto waruke. Wakisharuka nitaning'iniza kitambaa mdomoni mwa tundu: wanatoka kwa kukisukuma, wakirudi hawaoni pa kupita. Wakiisha kutoka wote unaziba. Ndiyo kazi, lakini si ya siku moja kama ulivyoandika.

Nikiwa pale nimeutengeneza na mlango wa uani. Ulikuwa unaburuza chini, ukifunguliwa jirani wote wanajua.

Mdogo wako


Tarehe 19 Februari
Mwaka na miezi tisa tangu nitoke nyumbani

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwa mama. Mwambie dawa ya kuchua aliyoiomba nimeipata, nitamtumia mtu akipatikana. Huku kuna baridi na vumbi, vitu viwili ambavyo nilidhani havikai pamoja. Wiki iliyopita mashine ilimminya mwenzetu mkono, wamempa likizo, na sehemu yake ya kazi tumegawiwa sisi.

Barua yako imefika siku moja na ya mke wangu. Yake ina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza wewe umepanda darini. Ukurasa wa pili wewe umeshuka. Mimi nimo kwenye anwani.

Nilimsomea Mnene kipande cha barua yako, kile cha benchi. Aliniuliza kama umeoa. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi hao popo wamepata mtu mwenye nafasi." Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka. Mwenzako akitaniwa mbele za watu hana la kufanya ila kucheka. Lakini nilipopanda kitandani kwangu nilikuwa nimeshamaliza kucheka.

Nina maswali machache. Hizo jioni mnakaa uani mpaka saa ngapi? Na popo wakishatoka wote, mnakuwa mnaangalia nini? Kama tundu ni moja na limeshajulikana, kwa nini bado mnalilinda wawili?

La mlango. Ule mlango ulikuwa unaburuza tangu niuweke, na mimi niliuacha hivyo kwa sababu. Mtu akiingia au akitoka, uliye kitandani unasikia. Nani alikuomba uunyamazishe?

Na shemeji yako anachekesha, ndiyo. Nalijua. Nimemwoa mimi.

Nisalimie binti yangu. Mwambie baba anamsalimu.

Kaka yako


Tarehe 16 Machi

Kaka, shikamoo.

Sote wazima. Mama amefurahia habari ya dawa, ameshawaambia watu watatu, kila mmoja ameambiwa kuwa ni siri. Mvua zimeanza kwa fujo na njia ya kwenda kisimani imekuwa tope tupu.

La mlango nilidhani nimefanya wema. Ukitaka niutie kizingiti uburuze tena, sema.

Darini mambo yanaendelea, ila kuna la kukueleza kabla hujalisikia kwa mwingine. Harufu ya popo huita wageni. Jumamosi iliyopita nyoka alishuka kutoka darini, akajilaza juu ya chandarua cha Bibie, mtoto yuko ndani yake anamwangalia. Hakulia. Alimwita mama yake taratibu tu, kama anaomba maji. Shemeji aliingia akiwa na mchi wa kinu mkononi, akasimama kama askari mpaka mimi nilipofika. Si nyoka wa sumu, hao hufuata watoto wa popo. Nilimtia gunia nikamwachia mbali. Lakini tangu siku hiyo shemeji ameniomba nilale sebuleni mpaka darini pawe patupu. Nalala kwenye kochi, nimelikunjia mwili wote lakini miguu haikubali.

Kwa ajili ya mvua amenipa lile koti lako la kahawia. Nondo walikuwa wamelianza kwenye kola. Limenikaa vizuri mabegani, sikutegemea. Nilipoingia nalo kwa mama alinyanyuka ghafla na mguu wake mbovu, hata kijiko kikamwanguka. Alidhani ni wewe. Alipoona ni mimi akakaa.

Bibie popo hawaogopi tena. Ananiita Baba Popo. Usilichukulie vibaya, kwake kila mtu ni baba fulani. Mwenye duka ni Baba Peremende.

Watoto wa popo bado bado. Labda kufika mwisho wa Aprili.

Shemeji anasema nikusalimu, na kwamba hatakuandikia mwezi huu kwa sababu haoni atakuandikia kitu gani ambacho mimi sijakimaliza.

Mdogo wako


Tarehe 7 Aprili
Karibu miaka miwili tangu nitoke nyumbani

Mdogo wangu,

Salamu kwa mama. Salamu kwa binti yangu. Mimi mzima.

Barua yako niliisoma wakati wa chakula cha mchana. Nikarudi kazini nikaangusha ubao mzima wa matofali mabichi. Msimamizi akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia siumwi. Akaniambia basi nijifunze kuumwa, kwa sababu mtu mzima haangushi ubao wote.

Nisikilize. Unalala kwangu. Umevaa koti langu. Unakaa benchi moja na mke wangu kila jioni, na mlango umeufanya usilie. Binti yangu anakuita baba, na hata ukiongezea popo au peremende, baba ni baba. Mama yangu ameinuka kukupokea akidhani wewe ni mimi. Sasa nieleze vizuri, mimi kule nimebakiwa na nini? Mabati?

Sijasema kwamba umefanya jambo. Ukisikia nimesema, ni wewe umejisemea.

Lakini hao popo wako ni watoto gani wasiokua? Januari watoto. Februari watoto. Machi bado bado. Ng'ombe angekuwa ameshaachishwa kunyonya. Wewe ni mtu wa kazi hiyo miaka yote, na kwa nyumba za watu wengine sijawahi kusikia umelala kwenye kochi la mtu. Huku usiku watu wanakoroma na mimi naliona lile benchi. Naona upande unaokaa wewe na upande anaokaa yeye, na sijui kama kati yenu kuna nafasi ya mtu kupita.

Kwa hiyo imetosha. Siku utakayoipata barua hii, siku hiyohiyo, mchana kweupe, changanya saruji. Karai moja ya saruji kwa tatu za mchanga, na usizidishe maji. Kwa saruji usinibishie. Ziba tundu la upande wa jikoni na kila ufa utakaouona. Usingoje popo mkubwa wala mdogo. Kisha vua koti, litundike nyuma ya mlango wa chumba, urudi kwenye chumba chako cha kupanga na usikanyage kwangu mpaka nikwambie.

Nyumba ni yangu na mkubwa ni mimi.

Kaka yako


Tarehe 1 Mei

Kaka, shikamoo.

Mama anakusalimu.

Barua yako ilifika jana saa sita. Karai moja ya saruji, tatu za mchanga, maji kidogo. Tundu la upande wa jikoni limezibwa na nyufa zote zimezibwa. Koti liko nyuma ya mlango. Mimi niko chumbani kwangu.

Mdogo wako


Tarehe 23 Mei
Miaka miwili imetimia tangu nitoke nyumbani

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na nakushukuru kwa kutii. Barua yako ilikuwa fupi kama risiti ya dukani, lakini maneno niliyoyataka yamo.

Mimi hali yangu imekuwa nzuri. Nakula, nalala. Nimemnunulia Bibie viatu vyekundu vyenye kifungo pembeni. Saizi nilikisia. Nilimwonyesha muuza duka kwa mikono jinsi mtoto alivyo mrefu, akaniuliza mara ya mwisho nilimwona lini. Nikamwambia nipe tu saizi inayofuata. Mnene anasema vitambana, lakini Mnene kila kitu kinambana.

Ila kuna kinachonishangaza. Mke wangu hajaniandikia. Mwezi wa Machi ulisema hatoandika, sawa. Aprili kimya. Mei inakwisha. Amekasirika? Umemwambia nini? Na wewe hukutaja mguu wa mama, jambo ambalo hujawahi kuliacha. Dawa ilifika? Doa la ukutani limekauka? Popo wameondoka?

Niandikie kwa urefu, kama zamani.

Kaka yako


Tarehe 17 Juni

Kaka, shikamoo.

Mguu wa mama umepata nafuu kweli kwa ile dawa. Naanza na hilo kwa sababu ndiyo habari njema pekee niliyo nayo. Umesema niandike kwa urefu, basi keti.

Barua yako ya amri nilipoisoma nilimpa shemeji naye aisome. Hukunikataza. Aliisoma amesimama pale jikoni, akaikunja ikawa ndogo kabisa, akaniuliza kama kweli nitaziba. Nikamwambia mwenye nyumba ameamuru. Akasema, "Na wewe unajua kilichomo mle juu." Nikamjibu najua. Alimfunga Bibie mgongoni, mtoto mkubwa vile, akaenda naye kwa mama.

Uliandika mchana kweupe. Mchana popo wote huwa ndani wamelala, mama na watoto. Wewe hukulijua hilo. Mimi nililijua nikipima saruji, nililijua nikipanda ngazi, na nililijua nikilainisha mwiko mara ya mwisho. Ningeweza kukuandikia kwamba ngoja, hapana, utaharibu nyumba. Sikutaka. Nilisema moyoni, anataka kutawala kwa barua, na atawale. Niliziba vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Jioni ulipofika muda wao wa kutoka, dari yote ilikwaruza. Shemeji alikuwa amerudi. Walitafuta mwanya kila upande mpaka wakaupata pale mbao za dari zinapoachana na ukuta, juu ya kitanda chenu, wakaanza kuangukia chumbani. Kwenye mapazia, kwenye nguo, kwenye nywele za shemeji. Alifungua madirisha na kuwafukuza kwa ufagio. Wachache walitoka. Waliobaki juu walikufa, na siku zilizofuata ikaja harufu, baada ya harufu wakaja nzi. Kisha ikanyesha mvua kubwa. Maji yakaingia, mbao zikalewa maji na ule uchafu wa miaka, dari ya chumba cha kulala ikashuka yote juu ya kitanda. Hakuna aliyeumia. Bibie na mama yake walikuwa wameshahamia sebuleni kwa sababu ya harufu. Lakini kitanda kimevunjika, godoro si la mtu tena.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa naogopa kufika. Shemeji amehama. Kwa mama unapajua, chumba ni kimoja, hapatoshi. Yeye na Bibie wako chumbani kwangu.

Usiitupe barua. Maliza kwanza. Mimi silali hapo. Nalala jikoni kwa mama, kati ya mafiga na mtungi, na mama ni shahidi kwa sababu kila nikikohoa ananiuliza nina nini.

Kuhusu lile ambalo uliandika kwamba hujalisema, nakujibu: hapana. Halikutokea, wala halikukaribia kutokea. Lakini uliuliza popo gani hao wasiokua, na hapo ulikuwa na haki. Watoto wa kwanza waliruka mwanzoni mwa Machi. Niliwaona kwa macho yangu. Ningening'iniza kitambaa jioni ileile na kazi ingekwisha. Nikajiambia tungoje mvua ipungue. Mvua haikupungua, na kabla haujafika mwezi uliofuata wakazaa tena. Hao ndio niliowafungia. Niliwachelewesha popo kwa sababu jioni zile zilikuwa nzuri. Usiniulize kama nilitamani. Niulize kama nilifanya.

Na kwa kuwa nimeshaanza, nimalize. Wewe unanionea wivu wa nyumba yako. Kaka, mimi tangu nipate akili ninaishi katika nyumba ambazo wewe humo na umezijaa. Nikimletea mama kuni, anasema kaka yako angekuwepo usingehangaika. Nikimtoa nyoka kwa mtoto wako, watu wanasema kaka yako atafurahi. Siku ile ya koti mama alinyanyuka kwa ajili yako na akakaa kwa ajili yangu. Shemeji peke yake alicheka kwa jambo nililolisema mimi, na hakusema linafanana na maneno ya mtu mwingine. Hicho ndicho nilichokuibia. Kama kina bei, nitalipa.

Nilitaka kwenda kuifungua nyumba niisafishe. Shemeji alinisimamisha njiani. Nakuandikia alivyosema bila kupunguza:

"Wewe usiguse. Aliyeamuru izibwe na aje aifungue kwa mkono wake. Nimechoka kuishi na wanaume wawili ndani ya barua moja. Alikuwa na swali langu akalipeleka kwako. Angeniuliza mimi, si ndiye mkewe?"

Nikamwambia akuandikie hayo mwenyewe. Akasema ameshakuandikia mengi na hujawahi kujibu hata moja, unajibu yangu.

Nyumba imefungwa. Ufunguo anao yeye. Amekwambia, kwa kinywa changu kwa mara ya mwisho, kwamba atakaa hapa mpaka mwaka uishe. Ukiisha hujaja, atarudi kwao na Bibie, na hatakusumbua kwa barua.

Mdogo wako


Tarehe 9 Julai
Miaka miwili na mwezi na nusu tangu nitoke nyumbani

Mdogo wangu,

Nafurahi kwamba mguu wa mama una nafuu. Mwambie asiutumie kwa fujo kwa kuwa umepona.

Barua yako niliisoma juu ya rundo la matofali, nikaisoma tena, nikawa nataka kitu cha kupiga. Kama ungekuwa karibu ningekupiga wewe, na usingekuwa na haki ya kulia. Mnene aliniona, safari hii hakutania. Alinisogezea kikombe chake cha chai, akakaa nami mpaka kengele ikalia.

Popo nimewaza sana. Nimefanya kazi na saruji miaka yote hii, sijawahi kufikiri kwamba nyuma ya ukuta kuna kitu. Ulikosea kunificha na ulikosea kuziba. Lakini barua iliyoandika ziba ina mwandiko wangu. Niliandika karai ngapi za mchanga, na sikuuliza hata mara moja ndani mna nini. Nilitaka tu wewe utoke.

Umeniambia nisikuulize kama ulitamani. Sikuulizi, umeshajibu. Nakwambia ukweli, halijanitoka. Nikifumba macho bado naliona benchi. Usitegemee nifike nikukumbatie kama hakuna kitu. Na la mama sikulijua. Huku nimekaa nikikuonea wivu kwa sababu wewe unamsikia akikohoa. Sikujua kwamba kukaa karibu naye nako kuna namna yake ya kuachwa. Nalifikiria hilo, bado sijafika mwisho wake.

Jana nilikwenda kwa msimamizi. Nikamwambia naondoka. Akasema mkataba wangu ni mpaka mwakani, nikitoka kabla, nafasi yangu inakwenda kwa mwingine, hakuna kurudi getini kuomba. Nikamwambia kuna nafasi nyingine inakwenda kwa mwingine. Akaniuliza ni msiba, nikasema si msiba. Ugonjwa? Si ugonjwa. Akauliza basi ni nini. Nikamwambia popo. Akaniangalia sana, kisha akasema nimalizie oda iliyopo, halafu niende nikapumzike, kwa sababu vumbi la saruji limeshawaharibu wengi kichwa.

Leo, kabla sijakuandikia wewe, nimemwandikia mke wangu barua yake peke yake. Wewe humo. Nimemuuliza niliyotakiwa kumuuliza tangu Februari, na nimezitoa barua zake zote chini ya godoro nikajibu moja baada ya nyingine, hata aliyoniuliza mwaka jana kama ashone pazia la kijani au la bluu. Sijui kama atanijibu. Akitaka kunijibu nikiwa mbele yake, nitangoja. Akikataa kabisa, hilo nitalisikia kwa kinywa chake.

Na wewe nina haya ya kukwambia. Nyumba usiiguse. Usitoe hata mzoga mmoja, usifungue dirisha ili hewa iingie kwa wema. Nitapanda mwenyewe, nitaligonga lile tundu kwa patasi na kuzoa nilichokisababisha kwa mikono yangu. Kochi libaki lilipo, nitalala hapo kwa kadiri mke wangu atakavyoamua.

Siku nitakayofika usije kunipokea. Kaa kwa mama. Si kwa hasira, au si kwa hasira peke yake. Nataka Bibie anitazame bila wewe kuwa kando, na kama atanikimbia anikimbie kwa miguu yake, asije kukimbilia kwako. Nikikuita, njoo. Nisipokuita, vumilia, na usitume mtu kuuliza.

Mwambie mama peke yake, na umwambie asiandae kitu.

Oda tunaimaliza mwisho wa Agosti. Tarehe mosi Septemba napanda gari hapa, na njia isipoharibika natarajia kufika tarehe nne, mchana.

Kaka yako